Jinsi ya Kujifunza Ufunguzi wa Chesi kwa Kutumia Mchezo Mmoja wa Shindano: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale. Mtu amekariri miendo kumi ya ufunguzi wa Kiitalia. Anaketi shindanoni, na kufikia mwendo wa nne au wa tano mpinzani anacheza kitu ambacho hakikuwemo kwenye orodha. Hapo anaanza kupapasa kete, saa inakula dakika zake, na kabla ya mwendo wa ishirini na tano amekwisha kushindwa. Akirudi nyumbani anakariri miendo kumi na miwili.

Kumbukumbu yake haina shida. Anajua kete zinakwenda wapi, ila hajui zinakwenda kufanya nini. Kwa hiyo hapa hatutakariri orodha. Tutachukua mchezo mmoja kamili wa shindano, tuufuate kuanzia mwendo wa kwanza hadi mati (mfalme anashambuliwa na hana pa kukimbilia), kisha tuufanye uti wa mgongo wa ufunguzi wako.

Mchezo wenyewe, ulioanza kwa ufunguzi huo huo wa Kiitalia, ni Wilhelm Steinitz (nyeupe) dhidi ya Curt von Bardeleben (nyeusi), Hastings, Uingereza, 1895. Ni wa zamani, ndiyo. Lakini kosa la Nyeusi ni lile lile linalofanywa leo kwenye kila shindano la chini na la kati: mfalme anabaki katikati ya ubao. Na shambulizi linalomwadhibu linachipuka moja kwa moja kutoka kwenye ufunguzi, halikudondoka kutoka angani.

Nachukulia kwamba unajua kete zinavyosogea. Zaidi ya hapo hauhitaji kujua kitu.

## Unachohitaji

- Ubao halisi na kete zake. Skrini pekee haitoshi, maana shindanoni utatazama ubao kwa pembe tofauti na ile ya simu, na jicho linahitaji kuzoea.
- Daftari na kalamu.
- Saa ya chesi, au programu ya saa kwenye simu.
- Injini ya uchambuzi, yaani programu inayopima ubora wa miendo. Stockfish ni ya bure, na tovuti ya Lichess inayo tayari pamoja na hifadhidata ya michezo. Usiiguse mpaka Hatua ya 6.
- Mwenzako mmoja wa kucheza naye, hata kama ni dhaifu kuliko wewe.

Kuhusu maandishi: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Unaandika mraba anaokwenda tu, na akila unatanguliza herufi ya safu aliyotoka, kama exd4. Kila mraba unatajwa kwa herufi ya safu (a hadi h) na namba ya mstari (1 hadi 8, kuanzia upande wa Nyeupe). Herufi ya ziada, kama a katika Rac1, inaonyesha safu ambayo kete imetoka. Alama x ni kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), # ni mati, ! ni mwendo mzuri sana. O-O ni mfalme kuhamia ngomeni upande mfupi, yaani mfalme na ngome kuvukana katika mwendo mmoja. O-O-O ni upande mrefu. Nukta tatu kabla ya mwendo, kama 7...d5, zinaonyesha ni mwendo wa nyeusi.

## Hatua ya 1: Cheza mchezo wote bila kusimama

Panga ubao na ucheze miendo hii yote kwa mkono wako. Usitafute maana bado.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3 Nf6 5.d4 exd4 6.cxd4 Bb4+ 7.Nc3 d5 8.exd5 Nxd5 9.O-O Be6 10.Bg5 Be7 11.Bxd5 Bxd5 12.Nxd5 Qxd5 13.Bxe7 Nxe7 14.Re1 f6 15.Qe2 Qd7 16.Rac1 c6 17.d5 cxd5 18.Nd4 Kf7 19.Ne6 Rhc8 20.Qg4 g6 21.Ng5+ Ke8 22.Rxe7+ Kf8 23.Rf7+ Kg8 24.Rg7+ Kh8 25.Rxh7+

Von Bardeleben hakusubiri zaidi ya hapo. Aliondoka ukumbini bila kusema neno na kuacha saa yake imalizike. Wewe usifanye hivyo kamwe: ukishindwa, simamisha saa na mpe mwenzako mkono.

Rudia mchezo mzima mara mbili au tatu. Sababu ya kuanza na picha nzima ni kwamba mwendo wa 4.c3 hauna maana yoyote mpaka uwe umeona 14.Re1 na 17.d5.

Onyo: kosa moja la kusogeza kete litaharibu kila kitu kinachofuata. Simama mara tu baada ya 14.Re1 ulinganishe. Nyeupe: Kg1, Qd1, Ra1, Re1, Nf3, askari a2, b2, d4, f2, g2, h2. Nyeusi: Ke8, Qd5, Ra8, Rh8, Ne7, askari a7, b7, c7, f7, g7, h7. Kama ubao wako ni tofauti, rudi mwanzo.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumsimulia mtu mchezo huu kwa sentensi chache bila kutaja mwendo hata mmoja. Kwa mfano: Nyeupe ilifungua katikati, ikabadilishana kete mpaka ngome ikamkamata mfalme kwenye safu ya e, kisha farasi akaingia.

## Hatua ya 2: Uulize kila mwendo unataka nini

Sasa rudi mwanzo na uandike daftarini, mbele ya kila mwendo, sentensi moja inayoanza na "ili". Ukishindwa kuimalizia sentensi, hujauelewa mwendo huo. Miendo minane ya kwanza inasomeka hivi:

2.Nf3 ili kumshambulia askari wa e5. 2...Nc6 inamlinda.

3.Bc4 ili kuutazama mraba wa f7. Huo ndio mraba dhaifu kuliko yote upande wa Nyeusi mwanzoni mwa mchezo, kwa kuwa mlinzi wake ni mfalme peke yake.

4.c3 ili d4 iwezekane. Bila c3, askari wa d4 akiliwa Nyeupe haina askari wa kumrudishia mahali pake. Bei yake ni kwamba c3 ndio mraba ambao farasi wa b1 angeupenda. Ukicheza c3 halafu usicheze d4 mapema, umelipa bila kupokea bidhaa, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaojifunza ufunguzi huu.

4...Nf6 inamshambulia askari wa e4. Nyeupe haijibu kwa kujilinda. Inacheza 5.d4, mwendo unaomshambulia askofu wa c5 na kumsukuma askari wa e5. Baada ya 5...exd4 6.cxd4 Nyeupe ina askari wawili bega kwa bega katikati, na askofu wa c5 bado anashambuliwa.

Hapa Nyeusi ina njia moja nzuri tu. Ikirudi nyuma kwa 6...Bb6, askari wa Nyeupe wanaanza kutembea: 7.d5 inamfukuza farasi wa c6, kisha e5 inamfukuza yule wa f6, na Nyeusi inakimbizwa bila kupumua. Kwa hiyo 6...Bb4+. Cheki inamlazimisha mpinzani kutumia mwendo wake kujibu, na katikati pananusurika.

7.Nc3 inaziba cheki kwa kete inayotoka nje, lakini inamwacha askari wa e4 bila mlinzi wa kweli, kwa sababu farasi wa c3 sasa amebanwa mbele ya mfalme wake. Weka alama ya kuuliza kwenye daftari hapa. Tutarudi.

7...d5 8.exd5 Nxd5 na sasa askari wa d4 amebaki mpweke, hana askari mwenzake kwenye safu ya c wala ya e. Vitabu vitakuambia askari mpweke ni udhaifu. Ni kweli, mchezo ukifika mwisho. Kabla ya hapo anafungua safu mbili, c na e, kwa ajili ya ngome zako.

Utajua umefanikiwa ukifunika daftari, mtu akutajie mwendo wowote kati ya hiyo minane, nawe ukampa sababu yake.

## Hatua ya 3: Kaa kwenye mwendo wa 14

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, na ndiyo inayobeba mwongozo mzima. Ipe kipindi chake peke yake.

Anzia 9.O-O. Nyeupe imemhamisha mfalme wake, Nyeusi bado. Tofauti ni mwendo mmoja tu, na ubao unaonekana wa amani. Nyeusi ingejaribu kula: 9...Nxc3 10.bxc3 Bxc3, lakini 11.Qb3 inamshambulia askofu wa c3 na, kwa kushirikiana na askofu wa c4, inaulenga mraba wa f7. Kwa hiyo von Bardeleben anacheza mwendo unaoonekana wa busara, 9...Be6. Anapanga kuhamia ngomeni mwendo unaofuata.

Hapati nafasi. 10.Bg5 inamshambulia malkia wa d8. Nyeusi inaziba kwa 10...Be7, na hapo mfululizo wa kubadilishana unaanza: 11.Bxd5 Bxd5 12.Nxd5 Qxd5 13.Bxe7 Nxe7.

Mchezaji mchanga akiona hivi anashangaa. Kwa nini mshambuliaji atoe maaskofu wake wote wawili, tena yule mzuri wa c4? Hesabu miendo, siyo kete. Kila Nyeupe inapokula, Nyeusi inalazimika kula pia, kwa hiyo mfalme wake hapati hata mwendo mmoja wa kukimbia. Na kete ya mwisho kurudisha deni ni farasi, anayeishia e7, kwenye safu ile ile na mfalme wake. Angekula kwa mfalme, 13...Kxe7, basi 14.Re1+ ingekuja kwa cheki na haki ya kuhamia ngomeni ingekuwa imepotea.

Sasa 14.Re1. Simamisha saa, simamisha kila kitu, tazama.

Kete zimelingana kabisa: kila upande una malkia, ngome mbili, farasi na askari sita. Lakini Nyeusi haiwezi kuhamia ngomeni. Sheria haimkatazi, mfalme hayuko chini ya cheki. Tatizo ni kwamba mfalme ndiye mlinzi pekee wa farasi wa e7. Akienda g8 au c8, ngome inamla farasi bure.

Fanya zoezi hili. Panga ubao kwenye mwendo wa 14, mwite mwenzako, cheza wewe na nyeupe, yeye na nyeusi, dakika kumi na tano kila mmoja. Kisha mbadilishane. Mtashangaa jinsi upande wa Nyeusi ulivyo mgumu ingawa hesabu ya kete inasema sare.

Onyo: usitoke kwenye hatua hii ukiwa umejifunza tu kwamba "Re1 ni nzuri". Ngome kwenye safu ya e ni nzuri kwa masharti matatu: safu iko wazi, mfalme wa mpinzani bado yuko e8, na kuna kete mbele yake isiyo na mlinzi mwingine. Sharti moja likikosekana, ni mwendo wa kawaida tu.

Utajua umefanikiwa ukianza kuliona umbo hili kwenye michezo yako mwenyewe, hata ile uliyoanza kwa ufunguzi mwingine kabisa.

## Hatua ya 4: Fuata mpango, si miendo

Nyeusi ina dawa moja: imtembeze mfalme kwa miguu hadi f7, kisha ilete ngome zake na kupumua. Hiyo ndiyo maana ya 14...f6. Pia inamnyima farasi wa Nyeupe miraba ya e5 na g5.

15.Qe2 inaongeza mshambuliaji wa pili dhidi ya e7, na 15...Qd7 inaongeza mlinzi. 16.Rac1 inaleta ngome ya mwisho. Angalia kwamba hakuna kete ya Nyeupe iliyobaki nyumbani. Linganisha na ngome mbili za Nyeusi, zote kwenye pembe.

Kisha 16...c6, kosa lenyewe. 16...Kf7 mara moja ingekuwa bora. Nyeusi iliogopa ngome ya c1 na pia ilitaka kuzuia d5. Lakini haikuzuia.

17.d5! Nyeupe inamtoa kafara yule askari mpweke. Jiulize alikuwa amesimama wapi: d4, mraba ambao farasi wa f3 aliuhitaji. Baada ya 17...cxd5 18.Nd4 njia imefunguka, na 19.Ne6 inamweka farasi mahali ambapo hakuna askari wa Nyeusi anayeweza kumfukuza, kwa kuwa wale wa safu za d na f wamekwisha kupita mbele.

Andika daftarini: askari mmoja, bei, farasi e6, bidhaa. Kafara nyingi zinazoshindwa kwenye mashindano ya chini zinashindwa kwa sababu mtoaji hakuweza kutaja bidhaa.

## Hatua ya 5: Funika karatasi, hesabu mwenyewe

Panga ubao baada ya 19...Rhc8. Funika kilichobaki kwenye orodha. Weka saa dakika ishirini, na uandike miendo unayoiona bila kugusa kete. Shindanoni hutaruhusiwa kuzigusa kwa majaribio, kwa hiyo anza kuzoea sasa.

Ukimaliza, linganisha:

20.Qg4 inatishia Qxg7+. Pia malkia sasa anamtazama malkia wa d7 kupitia mgongo wa farasi wake mwenyewe. 20...g6 inaziba tishio la kwanza na kusahau la pili.

21.Ng5+ Farasi anatoa cheki na papo hapo anafungua mshazari dhidi ya malkia. Nyeusi ikimla farasi kwa 21...fxg5, malkia wake analiwa. Ndiyo maana 21...Ke8, mfalme anarudi kumlinda.

22.Rxe7+! Huu ndio mwendo wa kujipima. Kabla ya kusoma zaidi, jibu: kwa nini ngome hii hailiki?

Ikiliwa kwa mfalme, 22...Kxe7 23.Re1+ Kd6 24.Qb4+ na mfalme anafukuzwa ubaoni hadi afe. Ikiliwa kwa malkia, 22...Qxe7 23.Rxc8+ Rxc8 24.Qxc8+ na Nyeupe ina farasi wa ziada.

Kwa hiyo 22...Kf8, na hali inachekesha: malkia, ngome zote mbili na farasi wa Nyeupe, wote wanashambuliwa kwa wakati mmoja. Hapa tamaa inaua. Ukimla malkia wa d7, kwa ngome au kwa malkia, Nyeusi inajibu Rxc1+ na unapata mati kwenye mstari wako wa kwanza. Kila mwendo wa Nyeupe lazima uwe cheki.

23.Rf7+ Kg8 24.Rg7+ Kh8 25.Rxh7+ na mwisho, kama Nyeusi ingeendelea: 25...Kg8 26.Rg7+ Kh8 27.Qh4+ Kxg7 28.Qh7+ Kf8 29.Qh8+ Ke7 30.Qg7+ Ke8 31.Qg8+ Ke7 32.Qf7+ Kd8 33.Qf8+ Qe8 34.Nf7+ Kd7 35.Qd6#. Steinitz aliuonyesha mfululizo huo.

Utajua umefanikiwa ukiweza kueleza mwendo wa 22 kwa mtu mwingine, njia zote mbili za kula, bila ubao. Kama uliona 21.Ng5+ tu na si zaidi, si vibaya. Rudia kesho.

## Hatua ya 6: Sasa fungua injini

Hapa ndipo ukweli mchungu unapoingia. Weka 7.Nc3 kwenye Stockfish na itakuambia kwamba Nyeusi ilipaswa kula: 7...Nxe4. Baada ya 8.O-O Bxc3 9.d5, shambulizi la Møller, mchezo unakuwa wa fujo, na Nyeusi ikijua njia inashika vizuri. Wewe ulitoa askari, mpinzani aliyejiandaa anakaa salama.

Maoni yangu ni haya: jifunze mchezo wa Steinitz kwa ajili ya mawazo yake, lakini shindanoni cheza 7.Bd2 mpaka utakapokuwa umeisoma Møller kwa kina. Ni mwendo wa utulivu na hautoi askari bure.

Njia mbili za kujua baada ya 7.Bd2:

7...Bxd2+ 8.Nbxd2 d5 9.exd5 Nxd5. Ni umbo lile lile: askari mpweke d4, safu ya e wazi. Cheza 10.Qb3, hamia ngomeni, leta ngome e1, farasi e4. Nyeusi ikihamia ngomeni kwa wakati ni mchezo sawa. Ikichelewa, unajua la kufanya.

7...Nxe4 8.Bxb4 Nxb4 inatisha kwa sekunde chache, lakini 9.Bxf7+ Kxf7 10.Qb3+ inampata mfalme na farasi wa b4 kwa mpigo. Baada ya 10...d5 11.Qxb4 kete zimelingana na mfalme wa Nyeusi ametolewa nje.

Sasa andika ukurasa mmoja, mmoja tu, wa njia za kando ambazo mpinzani anaweza kuchukua mapema:

- 2...Nf6: kula 3.Nxe5. Baada ya 3...d6 rudi 4.Nf3, na 4...Nxe4 5.d4. Akikurupuka na 3...Nxe4, jibu 4.Qe2, farasi akikimbilia f6, basi 5.Nc6+ na malkia wake amekwisha.
- 2...d6: 3.d4 mara moja, umepata katikati bila hata kuhitaji c3.
- 3...Nf6: 4.d3, kisha c3 na O-O kwa utulivu. Utashawishika na 4.Ng5 kwa sababu ya f7. Baada ya 4...d5 5.exd5 Na5 Nyeusi inatoa askari na kupata kasi, na bila maandalizi utajikuta wewe ndiye unayejilinda.
- 4...d6: 5.d4 exd4 6.cxd4 Bb6. Hapa hakuna farasi f6 wa kukusumbua e4, kwa hiyo katikati yako inasimama. 7.Nc3 na hamia ngomeni.
- 4...Qe7: 5.d4 Bb6, na usibadilishane katikati. Hamia ngomeni, Re1, ongeza h3.

Onyo: injini itatoa namba kama -0.3 (yaani Nyeusi iko mbele kidogo) na moyo wako utaruka. Tofauti ndogo kama hiyo haina maana kati ya wachezaji wa kawaida. Tumia injini kutafuta makosa makubwa, siyo kuchagua ladha. Na ukurasa ukijaa, usifungue wa pili. Futa kile usichokutana nacho.

## Hatua ya 7: Michezo ya mazoezi yenye saa

Anzieni na mwenzako kutoka baada ya 6...Bb4+, si kutoka mwendo wa kwanza. Tumieni muda wa dakika kumi na tano na nyongeza ya sekunde kumi kwa mwendo. Cheza pande zote mbili, maana ukikaa upande wa Nyeusi ndipo unaposikia maumivu ya mfalme asiyehama.

Andika miendo yote, hata mazoezini. Anayeanza kuandika siku ya shindano hupoteza dakika nyingi akitafuta jina la mraba.

Utajua umefanikiwa ukiweza kufika mwendo wa 10 ukiwa umetumia dakika tatu au nne tu, na bila kuwa na haraka.

## Hatua ya 8: Siku ya mchezo

Mambo ya sheria kwanza, kwa sababu watu hupoteza pointi hapa bila hata kuzidiwa ubaoni.

Ukigusa kete kwa kusudi, utaisogeza. Ukihamia ngomeni, tumia mkono mmoja na anza na mfalme. Ukianza na ngome, huruhusiwi tena kuhamia upande huo katika mwendo ule. Mwendo batili wa kwanza kwenye mchezo wa muda mrefu humpa mpinzani dakika mbili za ziada, na wa pili kwa kawaida unakupotezea mchezo. Usiandike mwendo kabla ya kuucheza. Simu ikabidhi au ifanye kama mwamuzi alivyoelekeza, na usiingie nayo mfukoni. Ukitaka kupendekeza sare, cheza mwendo wako, pendekeza, ndipo ubonyeze saa.

Sasa ubaoni. Miendo unayoijua icheze kwa utulivu, usiipige kama ngoma. Kasi inamwambia mpinzani kwamba uko kwenye maandalizi. Na usiache kutazama. Watu hucheza mwendo wa tano wa orodha yao bila kuona kwamba mpinzani alibadilisha mwendo wa nne.

Mpinzani akitoka nje ya njia, ondoa mikono mezani na ujiulize kwa mpangilio huu: Mwendo wake unatishia nini? Umeacha nini bila mlinzi? Naweza kufungua katikati kabla mfalme wake hajahama? Swali la tatu ndilo zawadi ya mchezo wa Steinitz. Kama jibu ni ndiyo, tumia dakika zako hapo, hata saba au nane. Kama ni hapana, toa kete iliyobaki nyumbani na uhamie ngomeni.

Na usitafute Re1 na Ne6 kwa nguvu. Mpinzani akihamia ngomeni kwa wakati, umepata mchezo sawa wenye kete hai. Cheza huo.

## Hatua ya 9: Baada ya mchezo

Kabla ya kufungua injini, kaa na karatasi yako ya miendo na uandike mambo mawili: mahali ulipotoka kwenye maandalizi, na mwendo uliotumia muda mrefu zaidi kuufikiria. Mara nyingi ni mahali pamoja.

Kisha ndipo injini. Tafuta mwendo wa kwanza uliobadilisha hali kwa kiasi kikubwa, uelewe sababu yake kwa maneno yako, na uongeze mstari mmoja kwenye ule ukurasa wa Hatua ya 6. Mmoja kwa mchezo mmoja. Kama ulishinda, fanya hivyo hivyo, kwa sababu aliyeshinda kwa bahati huwa haoni kosa lake.

Ukiona wapinzani wanaendelea kukuchezea 7...Bxd2+ na 8...d5 na michezo inaishia sare tupu, hapo ndipo utenge jioni kadhaa za kuisoma Møller na kurudi kwenye 7.Nc3. Ukiona unashindwa kabla ya mwendo wa saba, achana na Møller kwa sasa na urudie Hatua ya 2.